Mbeta ya Asubuhi

Lyamkena, Makambako
11 Februari 2024

Kamwene mama,

Sisi wazima, sijui wewe na hicho kidole cha mguu. Wajina wako Oktavia ameota meno mawili, ananing'ata. Kwenye simu husikii, ndiyo maana naandika. Methodi, konda wa basi, kaniambia sukari yako imefika kumi na saba na kidonda hakifungi. Nililia, kisha nikaenda sokoni kwa Feliciana, yule wa dawa za asili. Majani haya niliyompa Methodi akuletee ni mwarobaini. Chemsha, unywe nusu kikombe asubuhi na jioni. Vidonge vya hospitali usiviache hata siku moja, haya ni ya kusaidia tu. Na sukari usiguse. Utapona, mama, uje umpakate wajina wako.

Mwanao, Devota

Njombe
3 Machi

Mwanangu,

Kamwene. Mimi nipo, baridi tu na huu mguu. Dawa yako chungu kuliko ulimi wa shangazi yako Telesia. Siku ya kwanza niliitapika yote. Sasa nimepata cha kuishushia, inapita vizuri. Vidonge nameza, chai naweka chumvi. Ila juzi wamenipima, ishirini na moja. Kidole kimekuwa cheusi na hakiumi tena. Kwa nini hakiumi, mwanangu?

Mama yako

Lyamkena
5 Machi

Mama,

Salamu utanisamehe, barua yako nimeisoma nimesimama. Feliciana anasema mwili mkaidi huongezewa dawa. Sasa kunywa mara tatu, kikombe kizima. Nakuomba, hata iwe chungu namna gani. Na kidole kipeleke hospitali wakione. Pasaka nakuja na mtoto.

Mwanao, Devota

Njombe, wodini
18 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimelazwa. Nilikunywa mara tatu kama ulivyosema. Leo muuguzi kaniuliza, "Bibi, pombe unakunywa?" Nikasema sijawahi. "Soda?" Nikamwambia hizo za vijana. Akauliza, "Na hiyo mitishamba unashushia nini?" Nikamwambia ulanzi. Ule mbichi, jirani yetu Hosea anaugema kwenye mianzi alfajiri, ananiletea mbeta, pingili nzima imejaa. Mtamu, haujachacha, si pombe, hata wewe nilikupa ukiwa mdogo. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Bibi, huo utamu wote ni sukari."

Sikujua, mwanangu. Kila kikombe cha dawa, viwili vya ulanzi. Alhamisi wanakata mguu, chini ya goti. Naogopa. Njoo.

Mama yako

Makambako
19 Machi

Mama,

Siwezi kuja. Oktavia ana nimonia, tumelazwa tangu juzi, yuko kwenye oksijeni. Nimekaa katikati yenu, sijui nilie upande upi.

Uliandika umepata cha kuishushia. Nilisoma, sikuuliza ni nini. Nikakwambia uongeze. Ni mimi, mama, si Hosea wala Feliciana. Nisamehe kabla ya Alhamisi, tafadhali. Mpe Methodi hata neno moja.

Mwanao

Njombe
24 Machi

Mama Oktavia,

Kamwene. Methodi amesema mtoto sasa anapumua mwenyewe na ananyonya. Niliposikia ndipo nikala.

Neno ulilotaka sikuliandika Jumatano, niliishia kuandika jina lako. Nilikuwa nimekusamehe kabla hujaomba. Mbeta nilikuwa naishika mimi.

Mguu umekwenda. Usiku vidole vyake vinaniwasha, nanyoosha mkono kujikuna, nakuta shuka.

Pasaka njoo. Majani usilete. Mlete wajina wangu, mapaja bado ninayo yote mawili.

Mama yako