Mkate kwa Kiingereza

Bellevue, Johannesburg

Mdogo wangu Neema,

Mwezi Machi nilipoteza darasa langu la Kiingereza: mwenye nyumba aligawa ukumbi wetu kuwa vyumba vya kupangisha, hata samahani hakusema. Tukahamia kwa fundi cherehani, na leo muhula umeisha. Kati ya wanafunzi ishirini na watatu, kumi na tisa wamefika mwisho.

Mtihani ulikuwa kununua mkate dukani kwa Kiingereza. Muuzaji, Mrundi, akamwambia mwanafunzi wangu Mama Furaha, "Eish, mama, sema Kiswahili, watu wanangoja!" Mama Furaha akakataa. Aling'ang'ana mpaka akapewa mkate na chenji, foleni nzima ikampigia makofi.

Muhula ujao wamejiandikisha arobaini. Nakukumbuka sana, mwalimu mwenzangu. Unakuja tufundishe pamoja, ndiyo au hapana? Nipigie kabla ya mwisho wa mwezi.