Kifurushi cha Mbele ya Kigari: Kikao cha Dharura cha Chama cha Vigari vya Télécommande, Uvira

TAREHE: Jumapili, 8 Oktoba 2017, saa tisa alasiri
MAHALI: Sebuleni kwa Mwenyekiti, Kimanga

WALIOHUDHURIA: Yusufu Mwinyi, mwenyekiti, muuza vipuri, Frédéric Nizigiyimana, makamu, mwalimu, Ngongo, fundi wa chama, Yasmine Idi, katibu, mtoto wa mdogo wake Mwenyekiti.
HAKUWEPO: Libérat Havyarimana, dereva wa kigari. Sababu: anashikiliwa kwenye position, kituo cha wanajeshi, Kavimvira.
MGENI: Gloriose, mke wa Havyarimana. Hakualikwa. Alikuja.

KUMB. NA. 1/10/2017: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao bila dua, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisema bado haamini yaliyotokea. Hakuna aliyeamini.

KUMB. NA. 2/10/2017: YALIYOTOKEA JANA UFUKONI
Ilikumbushwa kwamba mwezi uliopita kigari kilitolewa batri ya nikeli na mota yake ya zamani, kikawekwa batri ya lithium na mota isiyo na charbon, zile brashi za kaboni. Nguvu zikazidi. Kila kikiondoka kiliinua pua na kupinduka. Kikao kikakubali kwa sauti moja kifungwe mzigo mbele: kifuko cha mchanga kilichozungushiwa utepe mweusi wa skochi.

Frédéric aliomba iandikwe kwamba aliipinga mota hiyo tangu mwanzo. Imeandikwa. Ngongo aliomba iandikwe kwamba siku ya majaribio Frédéric ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Imeandikwa pia.

Jana kigari kilimponyoka Havyarimana kikaingia kwa wauza ndagala, dagaa wa ziwani. Watu walipiga kelele kwamba ni bomu. Mabeseni yalipinduliwa, akina mama wakajitupa majini na nguo zao, askari akapiga risasi hewani. Havyarimana alikamatwa télécommande ikiwa mkononi. Sisi tuliobaki tulikimbia kama wengine. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kifurushi cheusi chenye nyaya pembeni kinaonekanaje kwa mtu aliyelala chini ya kitanda miaka ya vita. Tulikuwa tunafikiria pua ya kigari tu. Katibu anaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

KUMB. NA. 3/10/2017: MSIMAMO WA CHAMA
Mwenyekiti alieleza kwamba kosa ni la dereva. Alisema Havyarimana ana tabia ya kukata moto wa mota mara mbili kabla ya kila kona, tabia inayochosha batri, na kwamba ameonywa hasikii. Alipendekeza chama kiseme Havyarimana si mwanachama, kwa kuwa kadi yake haijasainiwa.

Ngongo aliuliza ni nani aliyepaswa kuisaini. Mwenyekiti alisema tuendelee.

Gloriose aliomba kusema. Alieleza kwamba ametoka position. Mumewe ni mtu wa kijiji cha Katogota, hana ndugu hapa mjini, na amepigwa. Wanajeshi wanaogopa kukifungua kifurushi. Wanamngoja fundi wa mabomu anayefika jioni kutoka Bukavu. Alisema:

“Afande anasema hivi: kama iko muchanga tu, ule mwenye alikifunga aende akifungue na mikono yake, mbele yao. Nani alikifunga?”

KUMB. NA. 4/10/2017: ALIYEFUNGA KIFURUSHI
Ngongo alikiri kwamba kifuko cha mchanga alikifunga yeye na kwamba yuko tayari kwenda. Akavaa viatu. Hata hivyo aliongeza kwamba jana kifurushi kilikuwa kidogo kuliko alivyokiacha, na kizito zaidi. Alipouliza, Mwenyekiti alimjibu ashughulike na mota.

Mwenyekiti alimwambia katibu aweke kalamu chini. Katibu hakuiweka.

Mwenyekiti akasema: “Ule muchanga ulikuwa unavuja, unaingia mu mota. Mota mupya, jamani. Nikautoa. Mimi niliweka risasi, zile batu wa shamba wanaokota kule Mutarule. Iko ndogo, na iko nzito.”

Frédéric aliuliza kama ni maganda. Mwenyekiti alisema maganda ni mepesi; ni risasi nzima.

Ngongo aliketi tena, viatu vikiwa miguuni. Katibu aliliandika neno hilo: nzima.

Gloriose hakulia. Alisema: “Baba Yusufu, bakikifungua beye, bwana yangu amekufa. Simama twende.”

Mwenyekiti alipendekeza kesho asubuhi. Pendekezo halikuungwa mkono na yeyote. Ndipo akaomba kitabu cha kumbukumbu, akasaini mahali pa saini kabla kikao hakijaisha, akavua saa yake na kuiweka juu ya meza. Alitoka na Gloriose saa kumi. Makamu alichukua kiti.

KUMB. NA. 5/10/2017: MENGINEYO
Hakukuwa na mengineyo. Wajumbe walikaa. Frédéric alijaribu kuzungumzia batri ya nikeli na kuirudisha, hakusikilizwa.

Kabla ya magharibi ilisikika sauti ya ile mota mpya barabarani, kali na nyembamba. Hakuna aliyeweza kusema télécommande iko mikononi mwa nani. Wajumbe walisimama bila ruhusa ya kiti. Penye kona ya msikiti moto ulikatwa mara mbili, kisha kigari kikageuka.

Ngongo alisema: “Ni yeye.”

Kigari kilifika mlangoni, mbele hakina kitu. Nyuma yake alikuja Havyarimana, jicho moja limefumba kwa uvimbe, akishikiliwa na Gloriose. Katibu alitazama barabara mpaka mwisho wake. Baba yangu mkubwa hakuwa pamoja nao.

Havyarimana alieleza kwamba Mwenyekiti alikifungua kifurushi kwa mikono yake, akazihesabu risasi mezani, akasema ni zake peke yake. Wakamwachia dereva na kigari chake, wakamshika Mwenyekiti.

ILIAMULIWA: Wote kwenda position sasa hivi. Havyarimana, aliyeambiwa apumzike, alikataa.

Kikao hakikufungwa.

Mwenyekiti: Yusufu Mwinyi (alisaini kabla ya kutoka)
Katibu: Yasmine Idi (nitasaini tukirudi naye)