Watani Hawauani

Pazi, mvivu wa Kizaramo,

Bado umelala? Lala tu, ndiyo kazi uliyokuwa ukiiweza. Umekufa mwezi wa nne, kabla baridi ya Joburg haijaingia, mjanja wewe, ukatuachia sisi makoti na hita. Sikuandikii kukulilia. Waliokulilia walikuwa wengi, na walijua kulia kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na mtu niliyezoea kumtupia hasira zangu ni wewe.

Filamu imekuja. Ile. Ile uliyoisubiri tangu walipotundika bango lake karibu na robot, zile taa za barabarani, ukasimama katikati ya njia kulitazama mpaka madereva wa teksi wakakupigia honi. Madubwana mawili katika filamu moja. Diski ilipofika dukani nikainunua, ya halali, nikaionyesha ukumbini kwangu Jumamosi mchana kama kawaida yetu, bila mtafsiri, maana mtafsiri amelala. Na watu wakasema. Wee! Watu walisema, Pazi.

Wa kwanza Musyoka, yule Mkenya wa benki. Kabla taa hazijawashwa alishatoa simu. "Nyota mbili kati ya tano, Dada Nyamizi. Wachambuzi wanasema hadithi haina kichwa wala miguu." Nikamuuliza wachambuzi hao ni wangapi. Hajui. Nikamwambia asiyejua waliopiga kura ni wangapi asiniletee matokeo. Akacheka, lakini simu hakuirudisha mfukoni.

Baba Shukuru, mlinzi wetu wa Bujumbura, yeye kilio chake ni kusubiri. Hapo nilimwelewa, kwa sababu niliangalia saa. Filamu inapita saa mbili, na madubwana hayakukaa pamoja hata dakika ishirini. Zilizobaki ni za wanajeshi kupigiana simu, na bibi mmoja mwanasayansi analia ndani ya ofisi ya vioo. Ningekuwa nauza chapati hivyo, unga robo na maji robo tatu, pale Hillbrow wangenifukuza na kikaango changu. Halafu watengenezaji hao wana pesa za kubomoa mji mzima kwa kompyuta, lakini hawana za kumlipa mtu awaambie, jamani, watu wamekuja kuona madubwana!

Hayo ni ya filamu, ningeyameza. Yaliyonikaa kooni ni waliyosema juu yako.

Nikukumbushe, maana naona walio hai wamesahau. Filamu ile ya kwanza ilikuwa na lile dubwana la mawe lenye kilima mgongoni. Wewe mbele kwenye kiti chako, kofia imeinama upande, sauti ya filamu umeipunguza, ukatangaza: "Mabibi na mabwana, huyu ni Mnyamwezi. Anaitwa Mpagazi. Toka Tabora mpaka pwani kwa miguu, na mzigo haushushi hata akioga!" Ukumbi ukavunjika. Wote wakageuka kunitazama mimi Mnyamwezi, nyuma kwenye sufuria la chai. Nikasubiri zamu yangu. Mwaka uliofuata ikaja filamu nyingine, ya dubwana lililotoka angani, lenye mikono mirefu kama minyoo, linalochezacheza kwanza kabla ya kupiga. Hukupata nafasi ya kufungua mdomo. Nilipiga kelele toka nyuma: "Huyo Mzaramo! Nyumba inaungua, yeye anacheza ngoma!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukamwita Mwana Ngoma, na jina likashika.

Ndipo ukawaambia watu kwamba hao wawili ni watani. Wakongo na Warundi hawakujua utani wa makabila ni nini, ukawaeleza vizuri kuliko mwalimu: mtani anaweza kukutukana sokoni, akakunyang'anya kuku, na huna pa kumshtaki, lakini ukifa yeye ndiye wa kwanza kufika. Ukawaahidi: "Siku Mpagazi na Mwana Ngoma wakikutana, msitegemee vita. Mtasikia matusi!" Watu wazima wakakaa wakisubiri matusi ya madubwana, miaka!

Sasa fikiria walichokiona. Moshi, majengo yanaanguka, Mwana Ngoma chini, Mpagazi amesimama juu yake, ananguruma. Mwisho. Baba Shukuru akasimama na fimbo yake ya kazi: "Watani hawauani!" Ukumbi mzima ukaitikia. Mama Furaha, msusi wa saluni ya mbele, yule wa Lubumbashi, akanigeukia mimi: "Mama, umetuletea filme ya uongo!" Eti diski ni feki. Eti Mpagazi wa kweli hawezi. Nilikuwa naanza kuwatetea watengenezaji, fikiria, mimi!

Ndipo Neema, binti yake Mama Furaha, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili anakijibu kwa Kiingereza, akasema, tena kwa upole: "Aunty, hakuna utani. Hata zile za kwanza hawakusema hivyo. Uncle Pazi was making it up."

Wakageukiana. Halafu mmoja: kumbe. Halafu mwingine: kumbe miaka yote tunadanganywa. Mwingine akasema labda hata Kiingereza hukukijua. Wewe! Uliyekaa miaka mingi ukiongoza watalii kabla mguu haujaharibika! Walikuwa wanakula maandazi yangu, wamekaa kwenye viti nilivyovinunua kimoja kimoja, wanakuita mwongo mbele ya kiti chako kitupu. Nilizima mashine. Niliwaambia: "Jumamosi ijayo tunaiangalia tena. Anayemwita Pazi mwongo aje anitazame usoni." Musyoka akasema, lakini ina nyota mbili. Nikamwambia aje na hizo hizo mbili.

Wiki hiyo niliirudia peke yangu asubuhi, kabla ya kufungua. Nikiangalia nikawa nakumbuka matanga yako, nikashindwa kutenganisha.

Hujui kilichotokea, ulikuwa umeshapelekwa. Wanaume walienda na wewe makaburini, sisi wanawake tukabaki chumbani kwako Mayfair, tumekaa kwenye mikeka kama tuliokosana. Nikaona kofia yako kwenye msumari. Pazi, mimi ni mtani wako. Hapakuwa na Mnyamwezi mwingine. Nani angefanya kazi ya mtani matangani, kukuigiza mpaka wafiwa wacheke? Nikaivaa, nikaiinamisha upande, nikatembea chumbani kwa mguu wako ule mbovu, nikasema kwa sauti yako: "Msilie, jamani, nimeenda kutafuta pa kulala pasipo na kodi!" Wawili watatu wa nyumbani Tanzania walianza kucheka. Lakini Mama Furaha akaruka: "Mama, weye unatukana mufu? Kwetu habafanyake vile!" Wakanishika mikono, wakanitoa nje barazani kama mlevi. Mimi! Niliyekuletea uji hospitalini! Nilisimama pale na kofia yako kichwani, na wapangaji wanapita wananitazama.

Jioni dada yako Mwanahawa akapiga simu toka nyumbani. Hakuuliza jeneza, hakuuliza watu walikuwa wangapi. Aliuliza: "Mtani wake alikuwepo? Alisema nini?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Basi Jumamosi ikafika. Walijaa, hata wa kusimama. Watu hupenda filamu mbaya kuliko wanavyokiri. Nikamwachia mwingine chai, nikaenda mbele. Nikakaa kwenye kiti chako. Nikatoa kofia kwenye mkoba, nikaivaa, nikaiinamisha upande. Nikazima sauti yote.

Nilikuwa mbovu, nakuambia ukweli ucheke. Sauti yangu ni ya kuita wateja, haijui kunong'ona. Nikachanganya jenerali na dereva wake. Mtu akapiga kelele: "Mama, rudi kwenye chai!" Nikamjibu chai unaikopa, nyamaza. Hapo wakacheka kidogo, nikapata pumzi.

Tukafika kwenye moshi. Nikasimamisha picha. Nikawaambia, tazameni vizuri, msitazame kwa simu. Kombora la jeshi linampiga Mwana Ngoma kabla Mpagazi hajamfikia. Nikarudisha nyuma, nikaonyesha tena. Mpagazi yuko ng'ambo ya daraja, mkono wake hata haujanyanyuka. "Nani kaua?" Baba Shukuru akasema polepole, "Jeshi." Nikauliza, "Na mtani anafika kufanya nini?" Wale wa nyumbani Tanzania wakaitikia pamoja: "Kuzika!"

Nikaiachia picha. Mpagazi amesimama juu ya maiti, mdomo wazi. Ukumbini hakuna sauti isipokuwa yangu. Nikaunguruma mimi:

"Amka, mvivu wewe! Nani kakwambia ulale barabarani? Ngoma zako umemwachia nani, mimi nisiyejua hata kupiga makofi? Umekula vya watu, umecheka vya watu, leo unataka kubebwa! Kila siku mimi nibebe! Haya, njoo, mzigo wa Kizaramo, mwepesi kama maneno yake..."

Kwenye picha Mpagazi akainama, akamnyanyua Mwana Ngoma, akamweka juu ya kile kilima chake, akaanza kumpeleka baharini. Ipo, Pazi. Ipo kwenye filamu. Wiki iliyopita hawakuiona kwa sababu ya kupiga kelele. Mpagazi anabeba, kama ulivyosema tangu siku ya kwanza.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Mama Furaha, amesimama na chanuo bado liko kichwani, analia, anamwelekezea dubwana kidole: "Mwana Ngoma, weye! Ulikuwa unacheza mubaya!" Ukumbi ukalipuka. Kila mtu na tusi lake. Walimtukana mpaka majina ya mwisho wa filamu yakapita yote. Na katikati ya matusi hayo nikasikia wengine hawasemi tena Mwana Ngoma. Wanasema Pazi. Pazi mwenye madeni ya chai. Pazi mwenye mguu wa kukodi. Walikuwa wanakuzika, mtani wangu. Walichelewa miezi minne, lakini walikuzika.

Neema alinifuata kwenye sinki. "Aunty, they didn't say any of that." Nikamwambia najua hawakusema hayo. Akafikiri, akasema, kwa Kiswahili safari hii: "Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Hasira haijaisha, usidhani. Watengenezaji wale bado nawadai filamu nzuri. Na walionitoa barazani bado sijawasamehe wote, nawasamehe mmoja mmoja kwa zamu. Mwanahawa nimempigia. Nimemweleza kila tusi. Alicheka, akalia, akaniita mpagazi, nikajua nimefika.

Kiti sitamwachia mtu atakayetafsiri kwa kusoma maandishi ya chini ya picha. Nitakaa mimi, na kofia yako, mpaka apatikane mwongo mzuri kama wewe. Hiyo ni ahadi.

Na wewe niahidi moja. Nikija huko nitakuwa nimechoka, nimebeba kutoka Tabora mpaka hapa. Unipokee njiani. Mara moja tu, Mzaramo abebe mzigo.

Mtani wako,
Nyamizi