Pahali pa Dancille juu ya chukudu

Jumatano, 14 Novemba 2012

Nimepata muti wa kalitusi, umekauka muzuri. Nachonga chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Hii si ya viazi — ni ya kubeba bibi yangu Dancille, niliyemuoa. Tangu alivunja nyonga hatembei. Wanasema vita inarudi Kibumba, kwetu. Ikishuka mpaka hapa kambini Kanyaruchinya, nani atamubeba? Mugongo wangu umekufa. Pikipiki zitakimbia za kwanza.

Toka Kibumba mpaka Goma hakuna mutu anachonga chukudu kunipita. Hata wenye kunichukia wanajua. Nachonga asubuhi. Jua likipanda naweka panga chini, naipa kazi mugongo, nakunywa bushera yangu ya mutama pole pole. Siangalii muti. Ni hapo akili inakuja. Jirani Viateur anaita hiyo uvivu. Chukudu yake ilipinda siku ya kwanza.

Alhamisi, 15 Novemba

Mabomu, upande wa Kibumba. Mbali. Nimechonga bila kusimama, bushera ikabaki kwa inzi. Dancille amesema nipumzike. Nimemujibu vita haipumziki.

Mikono inatetemeka. Ni baridi.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimeharibu. Barabara inateremuka mpaka Goma, na freni ya chukudu ni kipande cha mupira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na muguu. Dancille akikaa katikati, muguu wangu haufiki. Nimemusogeza mbele — usukani haugeuki. Nimekata, nimekata tena, haraka, na panga limepasua ubao. Mimi! Maisha yangu yote sijapasua ubao.

Viateur amepita. "Muzee, fundi wa Kibumba siku hizi anauzisha kuni?" Siku ingine ningemurudishia maneno mpaka akose pa kupita. Leo hapana. Nilikuwa nasikiliza mabomu.

Naogopa. Basi, nimeandika. Hapa hakuna mwenye kusoma.

Jumamosi, 17 Novemba

Wanasema Kibumba imeanguka. Watu wanafunga mizigo. Nimeunga ubao na misumari na bati. Nikatafuta panga — Dancille amelikalia. Kweli, amelikalia.

"Kunywa kwanza, muzee."

Nimegombana. Hakuinuka. Nimekunywa, mugongo kwa muti. Akili haikuja, ni woga tu. Ameniongeza kikombe. Nikawa namuangalia: muguu wake muzima umenyooka mbele, unakanyaga udongo kwa hasira, tena na tena.

Hapo akili ikaja: akae nyuma. Aangalie tulikotoka. Freni iwe yake, mimi nishike usukani nikitembea pembeni. Nani mwingine angewaza hiyo? Hakuna.

Ameuliza: "Na nitajua wapi pa kusimama?" Nimesema mimi ndiye nitamuambia. Amecheka.

Jumapili, 18 Novemba

Tuko njiani. Kambi yote imetoka, mabomu yanaanguka nyuma yetu, kule Kibati. Chukudu inakwenda muzuri, hata watu wenye kukimbia wanageuka kuiangalia. Nilisema twende, twende. Dancille akakanyaga freni.

Tumesimama juu ya mawe ya volkano, pembeni ya barabara. Anasema mikono yangu inatetemeka, nimekwisha kugonga mama mumoja na mbuzi, na mbele kuna muteremuko mukubwa. Alificha bidoni, dumu dogo la bushera, chini ya kitenge. Sikujua.

Viateur amepita mbio, gunia kichwani. "Papa, munafanya karamu?" Hakungoja jibu. Macho yake yalikuwa makubwa. Nimesema fundi anapumzika, lakini sauti haikutoka muzuri.

Nimemuomba Dancille aachilie freni. Nimemuomba, mimi. Muguu wake hautoki mpaka mikono yangu itulie.

"Kunywa," anasema. Yeye ndiye anaangalia nyuma, anaona vyote, na hasemi anaona nini. Watu wenye kupita wamepungua.

Kikombe kimejaa. Nakunywa tu. Mukono wa kushoto umetulia. Huu wa kuandika, bado.