Siunyooshi Mdomo Wako, Baba

Mugutha, Ruiru
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Unaendeleaje hapo kwa kiti chako? Mguu unasemaje na hiyo baridi ya Kitale? Na dawa ya presha unameza, ama bado unaificha chini ya mto ukidhani Mum haoni? Mimi ni mzima. Stima zimepotea tangu asubuhi na tableti imebaki na chaji kidogo, kwa hivyo nimechukua kalamu. Lakini hata zingekuwepo ningeandika tu, kwa sababu simu zangu hushiki. Ukiona jina langu unaigeuza simu kifudifudi. Mum ameniambia. Barua nayo huwezi kuikata katikati, na najua utaisoma hata kama umenuna, maana sijawahi kukuona ukiacha karatasi yenye maandishi ipite, hata ile ya kufungia nyama.

Huku tunasukuma. Mugutha inajengwa kila upande, na vumbi la mawe linaingia mpaka kwa begi ya kamera. Kila asubuhi naenda Thika, kwa studio. Bwana Jagdish, mdosi wangu, yule aliyeachiwa studio na babake, anakusalimia. Kazi iko. Juzi wanafunzi wa Kahawa Wendani walihitimu, wakaja na majoho yao na wazazi wao na keki zao. Napiga picha, natoa kadi kwa kamera, naichomeka kwa tableti, picha zinaingia moja moja huku mteja ananipumulia shingoni. Halafu naanza kurekebisha. Huyu namtoa chunusi, yule nampunguza tumbo, mwingine namweka kwa bustani ya maua na tulimpigia picha kando ya choo. Nafanya, Baba. Ndiyo kazi yangu na sioni haya.

Lakini wewe sikurekebishi. Nimekataa.

Wacha nikukumbushe vile ilikuwa, kwa sababu naona umeamua kusahau. Siku ya ngurario, ile harusi ya kimila ya dada yangu Wambui, ulikaa nyuma kabisa ya hema, kofia imeshuka mpaka kwa nyusi, kitambaa mdomoni. Tangu kiharusi kikupate sikuwa nimekuona mbele ya watu bila hicho kitambaa. Halafu wakaletwa wale wasichana wamefunikwa leso toka kichwa mpaka miguu, wakapangwa laini, na Mwangi akaambiwa amtafute bibi yake. Mwangi naye na ule ujuaji wake! Alizunguka, akainama, akachungulia viatu, akaona viatu vya Wambui, akajiona mjanja. Akashika mkono na kutangaza, "Huyu ndiye wangu!"

Leso kufunuliwa, ni Shosho. Mama mkwe wako mwenyewe, bila meno, amevaa viatu vya mjukuu wake!

"Kwani kuna shida gani?" akasema Shosho. "Si hata mimi ni Wambui? Huyu msichana aliitwa jina langu. Twende nyumbani, mume wangu." Akamkumbatia Mwangi na kukataa kumwachilia. Ngai! Wazee wa kina Mwangi walishika vichwa, faini ya mbuzi ikatajwa, akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaitikia. Na wewe, Baba, ambaye hujawahi hata kukohoa mbele ya mama mkwe, ulicheka. Kofia ikaanguka, kitambaa kikaanguka, mdomo ukavutwa wote upande wa kushoto, machozi yakitiririka. Nikapiga picha. Nashukuru Mungu kidole changu hakikungoja ruhusa.

Nilipoiweka kwa grupu ya familia ukatuma ujumbe wa sauti. "Njoki, nitoe kwa hiyo picha. Ama uninyooshe mdomo. Sitaki watu wanione hivyo." Halafu nikasikia umemwambia ndugu yako Gathogo ndiye atamshika Wambui mkono kanisani mwezi wa Desemba, ati wewe utabaki nyumbani kuangalia ng'ombe. Wambui alinililia kwa simu mpaka salio likaisha.

Usifikiri sikujaribu. Nilichukua ile picha yako ya zamani ya suti, nikakata mdomo na kuubandika juu ya huo mwingine, nikalainisha kingo, nikasawazisha rangi. Ukanyooka kabisa. Macho yanacheka, mashavu yanacheka, mdomo uko baraza ya chifu! Bwana Jagdish akapita nyuma yangu akasimama.

"Njoki, huyu mzee amefanywa nini?"

"Ni baba yangu. Anataka mdomo unyooke."

"Hebu nionyeshe ya kwanza." Nikamwonyesha. Akaangalia hii, akaangalia ile. "Hapa anacheka. Hapa anangojea kung'olewa jino."

Halafu akakumbuka yeye ni mdosi, akaniambia mteja akitaka kitu apewe. Nikamwambia huyu si mteja. Nikafuta ule mdomo wa suti, nikafuta na kwenye takataka za tableti ili usirudi.

Nilikasirika, Baba. Hata sasa nimekasirika. Pale hospitali nilishika mkono wako nikijua tunakuzika. Mum alikuwa ameshaanza kuuliza ni nani atapigia watu simu. Hatukukuzika. Umerudi nyumbani, umekaa kwa hema ya binti yako, umecheka. Leo unataka nikutoe, kwa kidole changu mimi mwenyewe? Haki sitoi. Wanaotaka kuona mdomo wapite hapo waone mdomo, nami nitawaonyesha mlango.

Picha nimeichapa kubwa, nimeiweka kwa hii bahasha katikati ya kadibodi ili isikunjike. Mum ameshajua pa kuitundika, pale juu ya redio, mahali ile ya suti ilikuwa. Usibishane naye.

Na Desemba nitakuja na kamera. Gathogo sina ubaya naye, na tai zake ni safi. Lakini milango ya kanisa ikifunguliwa nione yeye ndiye ameshikwa na Wambui, nafunika lenzi hapo hapo, naenda kuosha sufuria na akina mama. Hiyo harusi haitakuwa na picha hata moja. Mwangi akiuliza, nitamtuma kwako umweleze. Mguu ni mzito, sawa, tutaenda polepole, kwaya irudie wimbo mpaka ichoke. Mkono wa kushoto hauna shida, Wambui atashika huo.

Nisalimie Mum, na umwambie unga alionitumia ulifika. Nisalimie Shosho, umuulize mume wake mpya yuko wapi. Nisalimie Gathogo, na umwambie pole kwa ile suti ambayo nasikia ameshanunua.

Najua binti hamwamrishi baba yake. Lakini ni wewe uliyenipa jina la mama yako, na tangu nizaliwe umeniita Maitu, mama. Hata ukinichapa ulikuwa unasema, "Pole mama, lakini leo umezidi." Kwa huo ujumbe wa sauti ndipo nilikusikia ukiniita Njoki mara ya kwanza maishani, na iliniuma kuliko hayo mengine yote.

Kwa hivyo sikia, kijana wangu. Kesho ukishakunywa chai, toka kwa kiti. Tembea mpaka kwa lango, salimia watu, urudi. Kitambaa uache kwa nyumba.

Ni mimi mama yako,
Njoki