Mipira Saba Chini ya Boneti

Jumatatu, 3 Juni
Kafuri, sabuni, pamba, marashi, sanda ya vipande vitano. Vyote vimo kwenye buti. Nimekagua kama kila Jumatatu. Maji sawa, oili sawa. Mpira mmoja mwembamba wa hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka. Nikanunua mwingine. Nilipouvuta ule wa zamani, miwili ya jirani ikachomoka nayo. Nimeirudisha yote kwa kufuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti. Dakika ishirini. Nilijisifu.

Jioni kwa Bi Saada, Doornfontein. Figo zimechoka, madaktari wamemrudisha nyumbani. Haogopi. Amesema tena mbele ya binti yake, Rehema: "Mwanaidi, wewe ndiye utakayeniosha. Wale wenzako wana mikono ya baridi." Nimeahidi tena.

Jumanne, 4 Juni
Gari limezima kwenye roboti, kama huku wanavyoita taa za barabarani, mara tatu kati ya Troyeville na mjini. Moshi mweusi, harufu ya petroli. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani: "Eish, mama, unachoma nyama humo?"

Ni kosa langu la jana. Sijui lipi.

Katika sisi wanawake tunaoosha maiti, mwenye gari ni mimi peke yangu. Vifaa vyote ninavyo mimi. Na maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri azikwe.

Jumatano, 5 Juni
Nimeanza upya, kwa utaratibu. Mipira ni saba. Nilitaka kuifungia alama. Mkono ukaenda kwenye mabaki ya kitambaa cha sanda. Nikaurudisha haraka. Nimechana kanga kuukuu, nikaandika nambari.

Sensa, yaani kihisio, yenye waya mmoja, karibu na chujio la oili, ni ya shinikizo la oili. Haihusiki. Yenye nyaya tatu na mpira mwembamba ndiyo inayopima mvuto wa hewa, injini ijue inywe petroli kiasi gani. Mpira mnene unakwenda kwenye breki. Huo sikuugusa. Nimeukagua mara nne hata hivyo.

Kila kitu kipo kama mchoro unavyosema. Gari bado linazima. Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Simu ya Rehema, saa nne asubuhi. Nikajua ndiyo yenyewe. Kumbe mama yake anataka uji wa mchele. Nilimkasirikia, kisha nikaona haya.

Nimeupeleka kwa miguu. Bi Saada akanusa vidole vyangu. Nikaomba radhi. Akacheka mpaka akakohoa. Marehemu mumewe aliendesha lori, Tanga mpaka Arusha. Harufu ya petroli mlangoni, anasema, ilikuwa harufu ya mume karudi salama. Halafu: "Lakini usinicheleweshe, mwanangu. Tangu nije nchi hii napanga foleni. Hiyo ya mwisho sipangi."

Nilicheka naye. Kwenye ngazi nililia.

Ijumaa, 7 Juni
Kwa Papa Kasongo, fundi Mkongomani mwenye karakana nyuma ya maghorofa. Gari lilizima mlangoni kwake. Hakushika spana. Aliomba kadi ya gari. Nambari ya injini iliyo kwenye kadi siyo iliyochongwa kwenye injini.

"Mama, hii injini ilitoka kwa gari ingine. Mchoro ni wa ile ya kwanza. Umesoma muzuri sana, lakini barua ya mutu mwingine."

Miaka sita nalikagua gari hili. Sikuwahi kulinganisha nambari mbili.

Akanielekeza. Injini ikiwa sailensa, inanguruma bila kukanyagwa mafuta, gusa kila tundu la mpira kwa kidole. Gari lilikuwa linazima kila baada ya nusu dakika, lakini hiyo ilitosha. Tundu moja linavuta muda wote. Jingine halivuti mpaka ukanyage mafuta, na sensa nilikuwa nimeiunganisha hapo. Gari limesimama kwenye roboti, injini inadhani inapanda mlima, inajimwagia petroli.

Mpira wa sensa nimeuhamishia tundu linalovuta muda wote, kwa mkono wangu. Moshi ukakatika.

Jumamosi, 8 Juni
Siamini bado. Nimezunguka mjini bila safari. Roboti kumi na moja. Halikuzima hata mara moja. Kwenye kila moja nilishika ufunguo.

Jumapili, 9 Juni
Bi Saada hali uji tena. Nimekagua mipira asubuhi. Na alasiri.

Jumatatu, 10 Juni
Rehema alipiga saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hajamaliza salamu nilikuwa nimeshika ufunguo.

Barafu ya baridi ya Juni kwenye kioo cha gari. Roboti nne, zote nyekundu. Gari lilitulia kwenye kila moja.

Nilinawa kwa sabuni, kisha kwa ndimu. Petroli haikutoka yote. Nikaacha kusugua. Nilipasha mikono kwenye maji ya moto, nikaanza kumwosha, upande wa kulia.

Tumemzika baada ya adhuhuri.

Buti nimelikagua jioni. Sanda hakuna, kafuri imebaki kidogo. Kesho dukani. Mipira sijaitazama leo.