Jaji Hakuniona

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wakili wa serikali kanipigia. Miaka thelathini aliyofungwa Venant kwa kunibaka, anaipinga. Rufaa ni Jumatano. Nikauliza, nitasimama tena kizimbani? Hapana, dada Gladness, jaji anasoma tu yale aliyoandika hakimu. Nikashusha pumzi. Halafu nikaogopa. Hakimu aliniona nikitetemeka. Kwenye karatasi, kutetemeka kunaonekanaje?

Jumatano, 5 Machi 2025
Nimekaa nyuma na mama. Venant mbele — kanenepa! Wakili wake: shahidi wa kwanza haaminiki. Ndiyo mimi huyo. Eti nilimwambia mama nimeteleza kwenye mawe, jina la mtu nikalitaja baada ya siku nne. Kweli nilisema hivyo. Dagaa za kuuza nilikuwa nachukua kwa Venant, Kirumba, mama akimpenda kama mwanawe — ningeanzia wapi?
Wa serikali akajibu, hakimu alimwona shahidi akamwamini, uamuzi wake usipinduliwe bila sababu nzito. Nikanyoosha mkono. Askari kanikazia macho. Nikaushusha.
Habari ya mawe ni mama aliyeieleza mahakama, kwenye kesi ya kwanza. Aliulizwa, akasema kweli. Tulipofika nyumbani Igogo: "Ningedanganya, mwanangu, na nimeshika Biblia?" Nikamwambia hapana, mama.

Ijumaa, 28 Machi 2025
Ameachiwa.
Jaji kasema hakimu alimwona shahidi, sawa, lakini maelezo yakigongana hata asiyemwona anaweza kuyapima. Kuchelewa kutaja jina kunaleta shaka. Shaka ni faida ya mshtakiwa. Hakusema nimedanganya. Nikamwuliza wakili wa serikali, kwa hiyo ananiamini? Akasema hilo siyo alilotakiwa kuamua. Kuna rufaa ya juu zaidi, wakubwa wataangalia. Na mimi je?
"Wewe ni shahidi tu, dada."

Jumapili, 30 Machi 2025
Kanisani sikwenda. Mama kaenda, karudi kabla ya sadaka. Anasema Venant kasimamishwa mbele, watu wakapiga makofi. Makofi!
Mchana huu mama yuko uani anapepeta mchele. Mimi chumbani, dirisha wazi. Geti limelia. Mtu kaingia — sauti naijua.
"Shikamoo, mama."
Ungo umenyamaza. Naandika ili nisipige kelele. Anarudia, kwa upole, kama zamani:
"Shikamoo, mama yangu."
Mama hajaitikia.